Wanafunzi wa Kilimo Katani Wakati wa Likizo Ndefu: Kazi Yao, Mipaka Yao na Haki ya Mkulima

Vyuo vya kilimo vinapofunga kwa likizo ndefu katikati ya mwaka, ofisi za kata huanza kupokea vijana wenye begi moja, daftari jipya na barua ya utambulisho yenye mhuri wa Halmashauri. Wananchi huwaita kwa majina mengi: watoto wa chuo, vijana wa fildi, mabwana shamba wadogo. Jina rasmi la kinachowaleta ni mafunzo kwa vitendo, nayo ni sehemu ya masomo yao. Asiyeyakamilisha hahitimu.

Kwenye mikutano ya vijiji maswali mawili hurudi kila mwaka. La kwanza ni la kawaida: kijana wa kilimo anakuja kujifunza nini mwezi Agosti, wakati shamba la mahindi limebaki mabua? La pili huulizwa kwa sauti ya chini zaidi, nalo ndilo lenye uzito: huyu anayepita akipima mashamba kwa hatua na kuandika majina, ametumwa na nani, na ardhi yetu iko salama? Yote mawili yanastahili jibu la wazi.

Wanakotoka na wanakopangiwa

Wengi wa vijana hao wanasoma astashahada au stashahada katika vyuo vya kilimo vya Serikali, kama vile Uyole, Ilonga, Tumbi, Ukiriguru na Mlingano, au katika vyuo vya mifugo kama Tengeru na Mpwapwa. Wengine wanasoma shahada Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984. Chuo humwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kuomba nafasi. Mkurugenzi hupeleka maombi kwa wataalamu wa kilimo, mifugo na uvuvi, nao humpangia mwanafunzi kata na msimamizi. Kutoka hapo barua hushuka kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa Mtendaji wa Kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Mwanafunzi ambaye barua yake haijapita njia hiyo hajapokelewa bado, hata kama amekwisha kufika.

Wapo wanaokaa na afisa ugani muda wote. Wapo pia wanaopangiwa vikundi na vyama vya vijana vinavyojishughulisha na kilimo, zikiwemo klabu za shule zinazofuata mfano wa 4H, yaani Kichwa, Moyo, Mikono na Afya. Utaratibu wa klabu hizo ulianzia Marekani, na mwanzo wake unafaa kujulikana hapa. Mwaka 1902 A. B. Graham, msimamizi wa shule katika wilaya ya Clark, jimbo la Ohio, aliwakusanya wavulana na wasichana wa vijijini katika klabu iliyowafundisha kulima kwa majaribio. Wataalamu wa wakati ule walikuwa wamechoka kuwahubiria watu wazima juu ya mbegu mpya. Waligundua kwamba mtoto akipewa mbegu hiyo na kipande cha ardhi, baba yake atapita kila jioni kutazama, na msimu unaofuata ataulizia mbegu ilikopatikana. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na klabu zao za 4K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya.

Wazee wa kata watakumbuka jambo la karibu zaidi. Baada ya tamko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, kila shule ilitakiwa kuwa na shamba. Palipokuwa na mwalimu mwenye moyo, watoto walijifunza kweli. Kwingine shamba la shule liligeuka mahali pa kumpeleka mwanafunzi aliyechelewa namba, na kizazi kizima kikakua kikiamini kwamba jembe ni adhabu. Klabu za sasa zina kazi ya kuifuta picha hiyo, na si kazi ndogo.

Kwa nini Agosti

Kule Marekani mwanafunzi wa kilimo anapokwenda kujifunza kazi wakati wa kiangazi chao, kati ya Juni na Agosti, huyakuta mahindi yakiwa yamesimama shambani. Yalipandwa Aprili au Mei na yatavunwa kuanzia Septemba. Likizo na zao vinakwenda pamoja. Huku kwetu kalenda ni nyingine. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, mahindi hupandwa kuanzia Novemba na Desemba na kuvunwa kati ya Mei na Julai. Penye misimu miwili, zao la masika huwa linaingia ghalani Julai na Agosti, na vuli haijaanza. Mwanafunzi wa likizo ndefu kwa hiyo hapandi, hapalilii, wala haoni viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini mwaka 2017, wakiwa kazini juu ya mche mchanga. Ikiwa msimamizi wake hana mpango, atazunguka na mafaili ya ofisi kwa wiki nane kisha aende zake.

Hata hivyo, mambo mawili makubwa ya kilimo hufanyika wakati huohuo wa kiangazi, na yote mawili hupata wataalamu wachache kuliko yanavyohitaji. La kwanza ni kukausha na kuhifadhi nafaka. La pili ni kupima udongo kabla ya msimu. Afisa ugani mmoja anayehudumia vijiji kadhaa hawezi kufika kila uwanja wa kuanikia mahindi, hata kwa pikipiki zilizogawiwa na Serikali mwaka 2022. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri anaweza kumfikia mkulima ambaye asingefikiwa.

Ghalani

Mwaka 2016, kati ya Juni na Novemba, ugonjwa usiojulikana ulizuka katika baadhi ya vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu walitapika, matumbo yakavimba, macho na ngozi zikawa za manjano. Waliougua walizidi 60 na karibu watu 20 walifariki, wengi wakiwa watoto. Uchunguzi ulionesha kuwa chanzo kilikuwa sumukuvu katika mahindi, mahindi yaliyolimwa na familia hizohizo na kuhifadhiwa nyumbani kwao.

Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota juu ya mahindi, karanga na mazao mengine, shambani na ghalani, hasa pale nafaka inapohifadhiwa ikiwa na unyevu. Haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji. Ugali ukipikwa saa nzima bado sumu itabaki, kwa kuwa moto wa jikoni hauiharibu. Huumiza ini, na kwa anayeila kidogo kidogo miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini. Viwango vinavyotumika Tanzania na Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya sehemu 10 za sumukuvu kwa kila sehemu bilioni moja za mahindi, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai pia kugeuzwa chakula cha kuku au pumba za ng'ombe, kwa maana ng'ombe wa maziwa aliyelishwa sumu huipitisha katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto yuleyule aliyeokolewa asile ugali.

Hapo ndipo kazi ya mwanafunzi inapoanza, na ni kazi ya mikono. Huanza na kuanika juu ya turubai au kichanja badala ya ardhi tupu. Kisha huja kuchambua, kuondoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi ya ukungu. Kuchambua hakumalizi sumu yote lakini huipunguza sana, na akina mama waliozoea kuchagua mbegu hulifanya vizuri kuliko mtaalamu yeyote.

Baadaye ni kipimo cha chumvi, ambacho kila kaya inaweza kukifanya bila gharama. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Weka mahindi hadi robo au theluthi ya chupa, ongeza chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, funga, tikisa kwa nguvu, kisha uiache itulie dakika 10 hadi 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 na yarudi juani. Isipoganda, yamekauka chini ya kiwango hicho. Ni vyema kujua mpaka wa kipimo hiki: mahindi ya kuhifadhi au kuuza yanatakiwa yasizidi asilimia 13.5, na chumvi haiwezi kuonesha tofauti kati ya 15 na 13.5. Kwa hiyo baada ya chumvi kuacha kuganda, anika tena siku moja au mbili za jua kali, au mwombe afisa ugani alete kifaa cha kupimia unyevu.

Mkulima akishauriwa kutumia mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo wengi wanaiita kinga njaa, aelezwe pia inavyofanya kazi. Ndani ya mfuko wa nje kuna mifuko miwili ya nailoni nzito. Ikifungwa barabara, wadudu waliomo humaliza hewa na kufa, hata dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na ambaye amewapa hasara wakulima wa nchi hii kwa zaidi ya miaka 40. Hakuna haja ya kuchanganya dawa. Lakini mfuko haukaushi. Mahindi mabichi yakifungiwa humo huoza yakiwa salama dhidi ya wadudu. Kila mfuko ujazwe upepo na kubanwa kabla ya kutumiwa ili kuona kama umetoboka, na usifunguliwe kila jioni kwa ajili ya debe la kusaga. Familia itenge mfuko mmoja wa matumizi na kuiacha mingine ifungwe.

Udongo

Wakulima wengi hununua mbolea kwa mazoea: aliyotumia jirani, au iliyopo dukani. Kiangazi ndio wakati mzuri wa kuacha mazoea hayo, kwa sababu kuna nafasi ya kupata majibu kabla ya kupanda. Mwanafunzi akija kuchukua sampuli, mkulima amfuatilie na kuangalia kama anafanya ipasavyo. Atembee shamba lote kwa mtindo wa kwenda upande na kurudi, akichimba sehemu 10 hadi 15, kila shimo likifika sentimita 20. Aruke kichuguu, njia, chini ya mti, na mahali palipowahi kuwa na zizi au rundo la samadi. Udongo wote uchanganywe katika ndoo ya plastiki iliyo safi, si ya bati, kisha itolewe nusu kilo tu, ianikwe kivulini na kufungwa ikiwa na jina, kijiji, zao lililopita na tarehe. Anayechota koleo moja mlangoni mwa shamba na kuondoka hajapima shamba, amepima mlango.

Baadhi ya vipimo hufanyika papo hapo kwa kifaa cha afisa ugani. Vingine hupelekwa maabara, ikiwemo ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano mkoani Tanga, ambacho ndicho kinachoshughulika na udongo kitaifa. Jibu linaweza kuwa jepesi kuliko mkulima alivyotarajia. Huenda shamba halihitaji mfuko wa pili wa mbolea bali chokaa ya kilimo, kwa kuwa udongo wenye tindikali nyingi huifungia mimea chakula kilichopo tayari.

Ardhi, fedha na dawa

Sasa lile swali la sauti ya chini. Mwanafunzi hupima ukubwa wa shamba kwa hatua au kwa simu ili kukokotoa mbegu na mbolea. Kipimo hicho si upimaji wa mipaka, hakibadilishi mmiliki na hakiingii katika hati yoyote ya ardhi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na ugawaji wake hupitia vikao vya kijiji chenyewe. Baadhi ya wananchi wamekuwa wakiwahusisha wanafunzi hawa na programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, maarufu kama BBT, iliyozinduliwa mwaka 2023 na inayoandaa mashamba makubwa kwa ajili ya vijana, kama yale ya Chinangali mkoani Dodoma. Ni mambo mawili tofauti. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hatafuti shamba la kupewa. Ana tarehe ya kurudi darasani.

Wanafunzi pia husaidia kuhuisha taarifa za wakulima katika daftari linalotumika kutoa mbolea ya ruzuku, utaratibu ulioanza msimu wa 2022/2023. Wao huandika na kusaidia, lakini kuthibitisha ni kazi ya uongozi wa kijiji. Kuandikishwa hakulipiwi. Mwananchi akiombwa fedha ya fomu, ya nauli, ya soda au ya "kuharakisha jina", asitoe, na amjulishe Mtendaji wa Kata siku hiyohiyo. Malipo halali ya Halmashauri hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na hutolewa risiti, na hakuna mwanafunzi aliyekabidhiwa kazi ya kukusanya mapato. Mkulima anayo haki ya kukataa kupigwa picha, kukataa kutaja kipato chake, na kuomba kuona barua ya utambulisho kabla ya kufungua mlango wa ghala.

Kuhusu viuatilifu, mwanafunzi hamwandikii mkulima dawa peke yake. Anaweza kutambua mdudu, kuchukua sampuli na kumpigia msimamizi wake simu. Vivyo hivyo mwanafunzi wa mifugo hachomi sindano wala kutoa dawa bila mtaalamu kuwepo. Atakayesisitiza kuwa anaweza, aruhusiwe kwenda kumweleza msimamizi wake hivyo.

Kujifunza kuongoza

Vyuo hufundisha kilimo, ila hakuna chuo kinachoweza kumfundisha kijana wa miaka 21 namna ya kusimama mbele ya watu waliolima tangu kabla hajazaliwa. Hilo hufundishwa na kata. Kijana anayeanza kwa shikamoo, akauliza kabla ya kueleza, akakaa chini ya mwembe na kusikiliza historia ya shamba, husikilizwa baadaye. Anayeanza na asilimia na majina ya kitaalamu hubaki na wenyeviti watatu na mbwa wa mwenye nyumba.

Akipangiwa kikundi cha vijana, kazi yake mara nyingi ni ya karatasi, nayo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye mboga nzuri bustanini lakini kisicho na katiba, kumbukumbu za vikao na hesabu zinazosomeka hukwama katika hatua ya maombi. Mwanafunzi anaweza kukaa na katibu na mhazini jioni kadhaa, wakapanga daftari la mauzo na kuandika gharama halisi za nyanya, kuanzia mbegu hadi nauli ya sokoni. Asiandike yeye. Daftari lililoandikwa na mgeni hufungwa siku anapoondoka. Na maamuzi ya kikundi, pamoja na deni lake, hubaki ya wanachama.

Nane Nane huangukia katikati ya likizo hii. Vijana wengi husaidia kuandaa vipando na meza za maonesho, na ni fursa nzuri. Isiwe sababu ya kumwacha mwanafunzi akibeba viti mwezi mzima.

Malazi na usalama

Halmashauri haina mabweni ya wanafunzi hawa. Baadhi yao wana mkopo wa Serikali wenye fungu la mafunzo kwa vitendo, wengine hutegemea wazazi, na wanaofika kijiji cha mbali bila ndugu huwa katika hali ngumu. Kaya inayotaka kumpokea mwanafunzi itoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji, akubaliane naye kodi na chakula mbele ya shahidi, na isimgeuze kijana huyo kuwa kibarua wa nyumba. Kwa wasichana jambo hili lina uzito wa pekee. Asipangiwe nyumba ya mtu mmoja anayeishi peke yake, na ziara za mashamba ya mbali zifanywe kwa wawili au pamoja na msimamizi. Msimamizi ndiye anayesaini daftari la kila siku ambalo chuo hulitumia kutoa alama, na mamlaka hayo hayapaswi kuwa na bei. Mwanafunzi anayesumbuliwa aende kwa Mtendaji wa Kata, kwa afisa maendeleo ya jamii au katika dawati la jinsia la polisi, na mwenyeji anayeona dalili asisubiri aambiwe.

Vijana wa kata yenyewe

Mzazi mwenye kijana katika chuo cha kilimo au mifugo anaweza kumshauri aombe kurudi nyumbani kwa mafunzo yake. Anaijua lugha, anaujua udongo, na gharama hupungua. Barua ya chuo ifike kwa Mkurugenzi mapema, kabla likizo haijaanza, ikitaja fani, idadi ya wiki na kata inayoombwa. Waliokwisha kuhitimu wana njia nyingine: mafunzo ya uzoefu kazini yanayoratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa asiyekuwa na chuo, shamba darasa la kijiji liko wazi, na wanafunzi wa likizo hupatikana humo wakiwa na muda wa kueleza.

Majibu ya maabara ya udongo kwa kawaida hurudi baada ya mwanafunzi kuondoka. Hutumwa kwa afisa ugani, si kwa simu ya mwanafunzi. Mkulima aliyetoa sampuli aandike namba iliyobandikwa kwenye mfuko wake wa udongo na kuiweka pamoja na kadi yake ya pembejeo. Kuanzia Oktoba apite ofisi ya kijiji kuulizia jibu, kabla mvua za kwanza hazijanyesha na kabla hajatoa fedha dukani.